Somo la Kumi na Nne: Daftari la Ajali za Kijiji

Barabara ya lami imeleta faida nyingi vijijini. Nyanya zinafika sokoni kabla hazijaoza. Mama mjamzito anafika hospitali siku ile ile. Mbolea inaletwa mpaka mlangoni. Lakini lami imeleta na jambo jingine. Magari yanapita mbio katikati ya watu wanaokwenda polepole. Ajali ikitokea, anayeumia sana si mwenye gari. Ni mtu anayetembea kwa miguu. Ni mkulima aliyepakia mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli. Ni mtoto anayekwenda shule.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake mwaka 2023. Taarifa hiyo inasema kwamba katika mwaka 2021 watu kama 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa wala balaa linaloua wengi kuliko barabara.

Mambo mengi yanasemwa juu ya usalama barabarani. Watu wanaambiwa watembee upande wa kulia, wayaone magari yanayowajia. Wapanda baiskeli wanaambiwa wakae kushoto. Hayo ni kweli na yafuatwe. Lakini leo hatutajifunza hayo. Leo tutajifunza jinsi watu wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu wanavyoweza kuifanya barabara yenyewe itengenezwe vizuri zaidi. Vyombo vya kazi ni daftari, kalamu, kamba na saa.

AJALI ISIYOANDIKWA

Tuseme mama mmoja amegongwa na pikipiki jioni akitoka kisimani. Ndoo imepasuka. Mguu umevimba. Mwendesha pikipiki anaomba radhi, anatoa pesa kidogo ya dawa, anakwenda zake. Mama anakandwa kwa maji ya moto nyumbani. Mwezi mzima hawezi kushika jembe. Msimu ule nusu ya shamba lake inabaki pori.

Je, ajali hiyo imeandikwa wapi?

Haikuandikwa popote. Mama hakwenda polisi kuchukua fomu ya PF3, kwa sababu kituo kiko mbali na nauli hakuna. Hakwenda zahanati. Watu wa nyumba yake wanaijua, na majirani wanaijua. Serikali haiijui. Mwakani mtoto wa jirani atagongwa mahali pale pale, na watu watasema, "Amri ya Mungu."

Sasa tazama hesabu ya nchi nzima. Mwaka 2016 polisi wa Tanzania waliandika vifo 3,256 vya ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani, kwa kukadiria kwa njia zake, lilisema kwamba mwaka ule vifo vilikuwa zaidi ya 16,000. Chukua kalamu utoe: 16,000 kutoa 3,256. Utapata 12,744.

Hiyo si hesabu ya kumlaumu askari. Askari huandika lile lililomfikia. Mtu aliyegongwa kijijini, akalazwa, akafa wiki 3 baadaye, huenda akazikwa bila jina lake kufika kituoni. Shirika la Afya Duniani humhesabu kila anayekufa kwa ajali ndani ya siku 30. Lakini ili mtu ahesabiwe, lazima kwanza ajulikane.

Na kwa nini tujali kuhesabiwa? Kwa sababu fedha za kutengeneza barabara hazitoshi. Mhandisi hukaa mkoani au wilayani. Mbele yake kuna maombi ya matuta, vivuko na njia za miguu kutoka sehemu nyingi. Kila barua inasema, "Watu wetu wanakwisha." Atamsikiliza nani? Atatazama karatasi. Kama karatasi zinaonyesha kwamba kijijini kwenu hakujatokea kitu, fedha zitakwenda kwingine. Huyo si mtu mbaya. Amepanga kwa yale aliyoyaona.

Kuna jambo jingine. Kwa muda mrefu wataalamu wa barabara wamehesabu magari. Barabara yenye magari mengi hupanuliwa. Waenda kwa miguu hawahesabiwi mara nyingi, na wapanda baiskeli vile vile. Kwa hiyo barabara nyingi zimejengwa kama kwamba watu hao hawapo. Taarifa ile ya mwaka 2023 inasema kwamba katika kila kilomita 1,000 za barabara zilizopimwa, kilomita 2 tu ndizo zenye njia ya baiskeli.

DAFTARI LINAVYOANDIKWA

Daftari la ajali ni daftari la kawaida la shule. Piga mistari wima upate vyumba vitano. Juu ya vyumba andika: Tarehe. Saa. Mahali. Aliyeumia. Ilivyotokea.

Usiandike jina la aliyeumia. Andika "mwanamke, miaka 30, kwa miguu" au "mvulana, miaka 9, baiskeli". Usiandike jina la dereva wala la mwenye pikipiki. Jambo hili lina maana kubwa. Watu wakijua kwamba daftari linatafuta mkosaji, watanyamaza. Wakijua kwamba linatafuta mahali pabaya, watasema. Kesi ni kazi ya polisi.

Mahali paandikwe hasa. "Barabarani" haitoshi. "Karibu na soko" haitoshi pia. Andika, "Hatua 20 kutoka mwembe, upande wa zahanati." Mtu asiye wa kijiji chenu aweze kwenda akasimama pale pale.

Saa nayo iandikwe. Kama hakuna aliyetazama saa, uliza, "Jua lilikuwa wapi? Watoto walikwisha toka shule? Adhana ya magharibi ilikwisha lia?"

Andika ajali ndogo pamoja na kubwa. Wengine watasema, "Huyu kachubuka tu, kwa nini tupoteze wino?" Jibu ni hili. Vifo ni vichache katika kijiji kimoja, na tukingoja vifo vitufundishe tutakuwa tumechelewa. Mahali panapochubua watu 6 mwaka huu ndipo patakapoua mwakani. Andika hata nusura, yaani pale mtu alipokoswakoswa. Ila nusura ziandikwe ukurasa wake, zisichanganywe na ajali.

Nani aandike? Kila kitongoji kichague mtu mmoja anayejua kuandika na asiyeona uvivu wa kutembea. Mara moja kwa mwezi apite nyumba kwa nyumba aulize. Maswali yawe mafupi. Kwa mfano:

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba."

"Starehe, mama. Nimekuja na lile daftari letu la barabara. Mwezi huu, kuna mtu wa nyumba hii aliyeumizwa na gari, pikipiki au baiskeli?"

"Hakuna, tunashukuru. Labda yule mjukuu wangu, lakini yeye alianguka tu na baiskeli."

"Alianguka wapi, mama?"

"Pale darajani. Lori lilimbana, akatoka nje ya lami, gurudumu likaingia kwenye shimo."

Unaona? Mama alisema hakuna, kumbe ipo. Watu wengi hudhani ajali ni mpaka damu imwagike. Muulizaji mzuri huuliza mara ya pili.

Mganga wa zahanati naye aombwe hesabu ya waliotibiwa kwa ajali za barabarani kila mwezi, bila majina. Mwalimu mkuu aombwe hesabu ya wanafunzi. Halafu mistari yote ilinganishwe, ili mtu mmoja asiandikwe mara mbili.

DAFTARI LINAVYOSOMWA

Kuandika bila kusoma ni kujaza karatasi. Baada ya miezi 12 kaeni chini mhesabu. Hapa tutatumia kijiji cha mfano. Hesabu zake tumezitunga kwa ajili ya somo.

Katika kijiji hiki watu wote waliamini kwamba mahali pabaya ni kona ya mwembe. Miaka ya nyuma basi lilipinduka pale, na habari zake zilifika hadi redioni. Mwenyekiti alikwisha andika barua mara 2 kuomba alama za hatari penye kona.

Daftari lilipofunguliwa, zilikutwa ajali 13 za mwaka mzima. Zilikuwa hivi:

Kona ya mwembe: 1
Darajani: 2
Mbele ya shule: 3
Kituo cha basi, panapovuka njia ya kisimani: 7

Watu walishangaa. Kona ya mwembe ina ajali moja tu! Sababu yake si ngumu. Kona ile inaogopesha, kwa hiyo kila mtu hupita kwa hadhari. Kituo cha basi hakiogopeshi. Ni mahali pa kununua karanga na kuulizana habari.

Wakatazama chumba cha saa. Kati ya ajali 7 za kituoni, 6 zilitokea kati ya saa 11 jioni na saa 1 usiku. Wakatazama chumba cha aliyeumia. Walikuwa wanawake na wasichana 4 wenye ndoo, watoto wengine 2, na mpanda baiskeli 1. Wakatazama chumba cha mwisho, na hapo ndipo siri ilipofichuka. Kati ya wale 7, watu 5 walikuwa wakitokea mbele au nyuma ya basi lililosimama.

Basi lile ni kama ukuta. Anayevuka haoni gari linalokuja. Dereva wa gari hamwoni anayevuka. Na jioni wote wana haraka: mama anawahi kupika, basi linawahi kufika mjini.

Chora ramani. Si lazima iwe nzuri. Chora barabara kwa mistari miwili, weka shule, soko, kisima, zahanati na daraja. Kila ajali iwe punje moja ya mahindi juu ya karatasi. Hata asiyejua kusoma akitazama punje 7 zimerundikana mahali pamoja ataelewa bila kuambiwa. Ramani ya namna hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji.

Zile ajali 2 za darajani nazo zisidharauliwe. Wote wawili walikuwa wapanda baiskeli. Daraja ni jembamba, na ukingo wa lami umemeguka. Mpanda baiskeli akifika pale lazima aingie katikati ya barabara, hata kama lori liko nyuma yake. Kumwambia huyo "kaa kushoto" ni kazi bure, maana kushoto kwenyewe hakupo. Ukingo ule unataka kujazwa.

KUPIMA KASI KWA KAMBA NA SAA

Mtu akisema, "Magari yanakwenda mbio," dereva atasema, "Hapana." Ubishi hautakwisha. Kasi inapimika, na kupima si kazi ngumu.

Chukua kamba ya mita 10. Pima kando ya barabara mara 10, upate mita 100. Weka alama mwanzo na mwisho. Miti au nguzo za umeme zinafaa. Mtu mmoja akae penye alama ya kwanza, wa pili penye alama ya mwisho na simu yenye saa ya sekunde. Gari likifika alama ya kwanza, wa kwanza anainua mkono. Wa pili anaanza kuhesabu sekunde mpaka gari limfikie. Wa tatu anaandika.

Sasa chukua 360, gawanya kwa sekunde zile. Jibu ni kasi ya gari, kilomita kwa saa. Gari lililotumia sekunde 12 lilikwenda kilomita 30 kwa saa. Lililotumia sekunde 6 lilikwenda 60. Lililotumia sekunde 4 lilikwenda 90.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, inasema mwisho wa kasi katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Gari la kasi hiyo hupita mita 100 kwa sekunde 7 na kitu. Kwa hiyo kumbuka sekunde 7. Likipita kabla ya sekunde 7 kwisha, limezidi 50.

Kaeni mbali na lami, penye kivuli, msionekane. Kwanza ni kwa usalama wenu. Pili, dereva akiona watu wamesimama na simu mkononi atadhani ni trafiki na tochi. Atapunguza mwendo, na hesabu yenu itakuwa ya uongo.

Kasi ina maana gani kwa mtu anayevuka? Tuhesabu pamoja. Barabara ya lami ya kawaida ina upana wa kama mita 7. Mama mwenye ndoo kichwani hutembea kama mita 1 kwa sekunde. Basi atakuwa juu ya lami kwa sekunde 7. Gari la kilomita 50 kwa saa huenda mita 14 kwa sekunde moja. Kwa sekunde 7 litakwenda 14 mara 7, yaani mita 98. Gari la kilomita 80 kwa saa huenda mita 22 kwa sekunde. 22 mara 7 ni mita 154.

Maana yake ni kwamba kama magari hupita kwa 80, mama huyu lazima aione barabara tupu kwa zaidi ya mita 150 kabla hajakanyaga lami. Hapo ni zaidi ya uwanja mzima wa mpira. Akitokea nyuma ya basi ataona mita ngapi?

Kusimama nako ni hesabu. Gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, likiwa na kasi ya 50 husimama baada ya kama mita 28 tangu dereva aone hatari. Likiwa na kasi ya 80 linahitaji kama mita 57. Kasi imeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, lakini njia ya kusimama imekuwa mara mbili. Lori lenye mzigo, au lami yenye mvua, mambo huwa mabaya zaidi.

KUHESABU WANAOPITA

Kazi hii ni rahisi kuliko zote, nayo husahauliwa. Kaa mahali pale pabaya kwa saa 2. Kwa kila mtu anayevuka piga kijiti. Vijiti vinne visimame, cha tano kilale juu yao. Hivyo utahesabu tano tano bila kupotea. Waenda kwa miguu wawe na mstari wao, baiskeli mstari wao, magari mstari wao. Hesabu siku ya kawaida, kisha hesabu siku ya gulio, maana siku hizo mbili hazifanani.

Katika kijiji cha mfano, jioni ya siku ya kawaida, kati ya saa 11 na saa 1, walivuka watu 212 kwa miguu na baiskeli 38. Magari na pikipiki zilizopita zilikuwa 96. Kumbe mahali pale watu ni wengi kuliko magari.

BARUA

Kabla ya kuandika barua, ulizeni barabara ni ya nani. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Barua nyingi hupotea kwa sababu zilipelekwa mlango usio wake. Hesabu zisomwe kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji, ziingie kwenye muhtasari. Halafu barua iandikwe. Hii ni mfano:

Serikali ya Kijiji,
S.L.P. ..........
Tarehe ..........

Meneja wa Mkoa,
TANROADS,
S.L.P. ..........

Kupitia: Mtendaji wa Kata

YAH: OMBI LA KUHAMISHA KITUO CHA BASI NA KUWEKA KIVUKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika miezi 12 iliyopita watu 13 wa kijiji hiki wameumia barabarani. Kati yao 7 waliumia mahali pamoja, kwenye kituo cha basi panapovuka njia ya kisimani. Watano kati ya hao 7 walitokea mbele au nyuma ya basi lililosimama.

Tumehesabu watu 212 na baiskeli 38 zinazovuka hapo kwa saa 2 za jioni. Tumepima kasi ya magari 40, na 29 yalizidi kilomita 50 kwa saa.

Tunaomba kituo kihamishwe mita 60 kuelekea zahanati. Tunaomba pia kivuko chenye tuta. Wanakijiji wako tayari kusafisha mahali pa kituo kipya. Ramani na nakala ya daftari tumeambatanisha. Tunaomba mhandisi aje kuona, ikiwezekana jioni.

Mwenyekiti wa Kijiji ..........
Mtendaji wa Kijiji ..........

Nakala: Diwani wa Kata, Mkuu wa Polisi wa Wilaya.

Soma barua hii tena. Haina kilio wala matusi. Haisemi "watu wetu wanakwisha". Lakini mhandisi akiisoma hana pa kukwepea, kwa maana kila neno lina hesabu nyuma yake. Tena inamwambia aje jioni. Akija saa 4 asubuhi atakuta kituo kimetulia, atashangaa kaitiwa nini.

Wanakijiji wasijenge matuta yao wenyewe usiku. Tuta lisilo na alama, lililojengwa kwa udongo na mawe, limekwisha angusha wapanda pikipiki na baiskeli wengi. Lakini kufyeka majani yanayoziba macho, kusogeza meza za biashara kutoka ukingoni, na kubadili njia ya watoto wa shule ipite upande usio na magari mengi, hayo yanaweza kufanywa na kijiji chenyewe.

JE, IMESAIDIA?

Tuseme kituo kimehamishwa. Mwaka unaofuata ajali za pale ni 2 badala ya 7. Kila mtu anafurahi. Lakini mwanafunzi mmoja mbishi darasani anauliza, "Mwalimu, tutajuaje kama ni kituo? Huenda mwaka huu magari yalipungua. Huenda ni bahati."

Swali hilo ni zuri sana. Mwaka mmoja una bahati yake, na hesabu ndogo hupanda na kushuka zenyewe. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, endeleeni kuandika miaka 2 na 3. Ya pili, linganisheni na mahali ambapo hapakubadilishwa kitu.

Jambo hili lilifanyika Dar es Salaam. Shirika moja liitwalo Amend lilitaka kupunguza ajali za watoto wa shule za msingi. Wanafunzi wengi wa mji huo huenda shule kwa miguu, na sehemu nyingi za watu wa kipato cha chini barabara hazina njia ya miguu. Hawakuanza kwa kujenga. Walianza kwa kuuliza nyumba kwa nyumba katika maeneo ya shule: mtoto gani aliumia, wapi, na aliumizwa na nini. Shule 9 zilizokuwa na hatari kubwa zilitengenezewa barabara. Shule nyingine 9 hazikuguswa kwanza, zikawa za kulinganishia.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Zilijengwa njia za miguu zilizotengwa na magari. Yakawekwa matuta, vivuko, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya miguu, na alama. Katika kazi hiyo ya shirika, hata lango la shule huweza kuhamishwa, ili watoto wasimwagike moja kwa moja kwenye barabara kubwa kengele inapolia. Watoto nao walifundishwa.

Baadaye watafiti walirudi kuuliza maswali yale yale. Kwa kulinganisha na shule zile nyingine, watoto walioumia walipungua kwa asilimia 26. Yaani pale ambapo wangeumia watoto 100, sasa wanaumia 74. Kasi ya magari nayo ilishuka. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo kubwa ya miji na taasisi ya World Resources Institute ya Marekani, na imekwisha igwa katika nchi nyingine za Afrika.

Mtu anaweza kusema asilimia 26 ni kidogo. Angependa 100. Lakini fikiria watoto 26 mmoja mmoja, na mama zao.

Wengine wataona pia kwamba si haki kuziacha shule 9 bila matengenezo ili zilinganishwe. Hilo mlijadili darasani. Kumbukeni kwamba fedha hazikutosha shule zote kwa siku moja, na kwamba bila kulinganisha, hakuna ambaye angeamini na kutoa fedha za shule nyingine.

KAZI YA DARASA

1. Gari limepita mita 100 kwa sekunde 5. Kasi yake ni kilomita ngapi kwa saa? Je, limezidi kiwango cha sehemu za makazi?

2. Mzee mwenye fimbo hutembea nusu mita kwa sekunde. Atavuka barabara ya mita 7 kwa sekunde ngapi? Gari linalokwenda mita 14 kwa sekunde litakuwa limekwenda mita ngapi?

3. Kila mwanafunzi ataje mahali anapodhani ni pabaya kuliko pote katika barabara ya kijiji chenu. Mwalimu aandike ubaoni. Msifute. Mtalinganisha na daftari baada ya mwaka mmoja.

4. Katika nyumba yako, au kwa jirani yako wa kwanza, nani aliumia barabarani miezi 12 iliyopita? Andika mstari mmoja wa daftari juu yake, bila jina. Anza na tarehe.